Nyekundu ya Jirani

Mama Udongo hakupewa jina hilo kwa heshima. Miaka nenda miaka rudi alizunguka mtaani na koleo na vifuko, akichota udongo kwenye bustani za watu na kugonga mawe ya chokaa kule machimboni, kisha akavipeleka maabara vipimwe aseniki, risasi na metali nyingine nzito. Majibu yalipotimia akachora ramani: penye sumu nyingi nyekundu, penye kiasi njano, pasipo na neno nyeupe. Akaibandika ukutani ofisi ya mtaa, akaenda zake roho kwatu.

Asubuhi mama mkwe akabisha hodi, amenuna huyo!

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Kwa lipi tena, mama?"

"Jirani yangu umempaka nyekundu kiwanja kizima. Mimi, mama wa mume wako, umeniacha mweupe kama niliyesahaulika!"

"Mama, nyekundu ni sumu. Wewe uko salama."

"Salama, salama! Mwenzangu tangu jana hanisalimii. Anasema serikali imemwona."

Mtaa mzima ukawa hivyo. Wenye njano waliandamana wakidai wamebaniwa. Dalali akaanza kunadi viwanja vyekundu kama vya daraja la kwanza. Fundi cherehani alikutwa mbele ya ramani na rangi ya mdomo ya mkewe, anapaka kiwanja chake. Mama Udongo akaitisha mkutano, akaeleza mpaka sauti ikamkauka. Walimpigia makofi, kisha mwenyekiti akauliza awamu ya pili ya kugawa nyekundu itaanza lini.

Alilia kwa hasira, halafu akaangua kicheko peke yake jikoni. Mumewe akamtazama asijue ashike lipi. Mama Udongo akarudi ofisini, akabandua ramani ile, akachora nyingine. Pasipo na sumu pakawa kijani kibichi. Penye sumu akapaka kahawia mbaya, ya choo kilichofurika.

Hata nyumbani hakufika. Jirani wa mama mkwe alimdaka njiani, anahema.

"Umenitia kinyesini mbele ya watu! Nifanye nini nitoke huko?"

Mama Udongo akamshika mkono, wakaketi kando ya njia. Akamweleza: mboga za bustani yake asizile, watoto wakicheza uani wanawe mikono, kisima kifunikwe mpaka maji yapimwe. Safari hii yule mama alisikiliza neno kwa neno.

Wiki ile ile jirani huyo akaanza kupanda mboga uani kwa mama mkwe, ambaye alimpokea kwa mikono miwili, akamgawia tuta, na kila asubuhi akamkumbusha avue viatu getini, asije akammwagia ukahawia wake.