Mama mkwe nilimpima moyo kwa kikombe cha chai

Wakuu, nawasalimu kutoka Timau kwa baridi. Hii sijasimuliwa na mtu, ni mimi nilifanya. Mkimaliza kusoma mniite mjinga, nimeshazoea.

Mama mkwe tunamwita Cucu, yaani nyanya, kwa sababu ya mtoto wangu, Kendi. Msimu huu wa kuchimba viazi, kila akipandisha debe kutoka shambani anasimama katikati ya mlima, anashika kifua.

"Mama Kendi, hapa kunanifinya."

Anakaa. Namletea chai. Dakika tano hivi, yuko fiti, anapiga umbea na jirani.

Na mimi niko na mtoto mgongoni, madebe yananingoja. Hasira! Nikampigia bwanangu, anafanya kazi Embu. "Mama yako ni actress. Akiona chai anapona."

Udaktari wangu ni form four na C ya Biology, ndiyo hiyo.

Sasa Jumamosi asubuhi, hata shamba hatujaenda. Cucu ameketi jikoni. Nikampa chai, hakugusa.

Mnajua niliwaza nini? Ati sukari ni kidogo, ananichokoza. Nikaongeza sukari! Nikamwekea kikombe mbele kwa kishindo.

Chai ikashika utando. Kumwangalia, jasho linamtiririka. Timau, wakuu, mahali tunalala na sweta! Anashika taya, mkono wa kushoto ni mzito, anataka kutapika.

Nikapiga nduru. Jirani akatoa pickup, tukashuka hospitali Meru.

Daktari akauliza ilianza lini. Nikamweleza mambo ya chai, macho chini.

"Si chai iliyokuwa inamponya," akasema. "Ni kukaa."

Ile ya mlimani ilikuwa angina: moyo unalalamika ukifanya kazi, ukipumzika unanyamaza. Ya jikoni ilikuwa heart attack: amekaa, na bado haiachi.

Onyo la msimu mzima, mimi nikalitilia majani na maziwa.

Kifua kikikufinya ukifanya kazi kisha kiache ukikaa, usishangilie, enda upimwe. Kikikataa kuacha, ama kianze ukiwa umekaa tu, usingoje kujua kinaitwaje. Kimbia hospitali.

Cucu yuko hai, Mungu ni mwema. Kubeba amekatazwa. Madebe ni yangu yote, na yeye ako kule juu, ameketi kwa stuli, anasimamia:

"Mama Kendi, mbona umesimama katikati? Nikuletee chai?"

Haya, nitukaneni hapa chini. Lakini kwanza semeni: kwenu, actress ni nani?