Chokaa Ng'ambo ya Kijito

Mpima miamba husalimiana na jiwe kwanza, watu baadaye. Huliokota, huligonga, huliramba ukingoni, kisha hulidondoshea tindikali. Likitoa povu ni chokaa, na chokaa ndiyo safu ya milima anayoitafutia mwisho. Kucha zake zimelika kama za mchimba visima. Mkuu wake alishaagiza: asipoleta ushahidi leo, mpaka wa milima na bonde utachorwa kwenye kijito. "Kijito kinafuata mteremko, hakifuati miamba," mpima alimwambia dereva wake, Deok-su, wakavuka ng'ambo.

Huko jiwe pekee lililochomoza ardhini lilikuwa kichwani mwa kaburi, na bibi mmoja alikuwa akilifyekea nyasi kabla ya sikukuu ya mavuno.

"We binti! Unataka kumgonga baba mkwe wangu?"

Deok-su akajua safari imeishia hapo. Mpima aliweka nyundo chini, akavua kofia, akamimina kaburini pombe ya mchele iliyokuwa ya chakula chao cha mchana, akasujudu mara mbili, paji la uso likagusa udongo.

Bibi akaguna. "Wakaza wanangu hawainami hivyo. Haya, gonga. Ila polepole, alikuwa mkali akiamshwa."

Tindikali ikatoa povu. Miguuni mwa kaburi, chini ya nyasi zilizofyekwa, mpima alikuta itale tupu, jiwe gumu lisilotoa povu.

"Mpaka unapita katikati yake, bibi. Kichwa kiko mlimani, miguu bondeni."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Na alivyokuwa akiwadharau watu wa milimani!"

Mpima hakucheka. Alikuwa keshapiga magoti, ramani mapajani, anaupitisha mstari kaburini.