Ubani wa Ijumaa

Ijumaa, mwezi wa nne. Manyunyu tangu alfajiri, nguo za jana bado ziko kambani mbichi.

Binti yangu amerudi kutoka maabara ya chuo uso umemshuka. Huko kila mwanafunzi ametengeneza kikasha cha kupima moshi hewani, akakiweka kwao wiki kadhaa, na leo walikuwa wanasimama mbele ya wenzao kuulizwa. Anayejibu vizuri hubaki kwenye kikundi cha utafiti baada ya masomo, na hapo ndipo wengi hutokea kwenda kwenye kazi za uhandisi. Nafasi ilikuwa moja.

Chake namba zilikuwa zinaruka juu kila Ijumaa mchana. Alikifungua, akabadilisha nyaya, bado zikaruka. Juzi ndipo tukajua: haboba wake, yaani mama yangu, akishaswali alikuwa anakifukizia ubani, chetezo chini yake kabisa, ili kijicho kisimpate mjukuu. Kwetu kitu kipya cha mtoto hakiachwi hivi hivi.

Nilimwambia aziondoe hizo Ijumaa kwenye vipimo vyake, nani atajua? Sijui kama nilishauri vizuri. Mimi shule niliishia njiani, sheria zao sizijui. Akasema, "Mama, kule tunafundishwa kusema tulichokiona, hata kama kinatuaibisha."

Basi leo amesema. Wenzake wakacheka, mmoja akauliza kama ubani unaongeza chaji kwenye betri. Mwalimu wao hakucheka, hilo lazima niliseme kwa haki. Alimwuliza siku zisizo za ubani sigiri, jiko letu la mkaa, iliwashwa saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Hayo binti hakuwa ameyaandika. Alikuwa ameangalia mashine, nyumba hakuiangalia. Nafasi akapewa mwenzake anayetoka mtaa wa Nateete, ambaye alifuatilia hata mama yake akikaanga mandazi. Alistahili, siwezi kusema vingine. Wangu ameambiwa arudie kupima, atafikiriwa nafasi ikipatikana. Ikipatikana. Neno hilo limenikaa kifuani.

Nilitaka tumfiche mama yangu jambo hili. Binti hakukubali, akaketi karibu naye akamweleza polepole. Mzee akakohoa kile kikohozi chake cha siku zote.

"Kwa hiyo kamashine kenu kanasema dua yangu ni uchafu?"

"Haisemi kitu juu ya dua, haboba. Inasema moshi tu."

"Na huu moshi wa mkaa wa mama yako, wenyewe inausemaje?"

Binti akanitazama, akainamisha macho. Ina maana jibu analo, lakini hakutaka kunipa. Nami sikuuliza. Kikohozi kile nilikuwa nakiita cha uzee.

Jioni kikasha kilirudi rafuni. Mama yangu alibeba sigiri mwenyewe mpaka barazani, bila kuambiwa, akanikingia kanga nikipika, mvua isizime moto. Tumekula gurusa, zile chapati zetu nyembamba, nyingine hazikuiva katikati, na mchuzi wa bamia uliokwisha poa.