Maji ya Kwanza ya Bomba

Ofisini walimwita Bi Kifungu, kwa sababu hata ungemwuliza kama chai imeiva, angekujibu kwa kifungu cha sheria. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa wakili wa serikali upande wa maji na mazingira, na meza yake ilijaa faili alizozifunga utepe kwa mkono wake.

Faili iliyomletea maneno ilihusu mtaa uliounganishwa na kampuni ya maji. Aliyelalamika kwanza ni dobi wa pale, aliyechoka kuanika mashuka meupe yaliyogeuka rangi ya kutu. Nyumba sitini zikamfuata, na Bi Kifungu akafungua kesi mbele ya baraza la malalamiko. Kampuni ikaleta ripoti ya maabara: maji ni safi, hayana kasoro. Mkurugenzi wa ofisi yao akasoma ukurasa wa mwisho tu, akaandaa barua ya kuiondoa kesi na kumwita Bi Kifungu aisaini, maana bila saini ya aliyeifungua isingeondoka.

Aliomba siku moja. Alisoma ripoti yote, mpaka yale maandishi madogo chini ya jedwali ambayo watu huyaruka. Humo akakuta kwamba kila sampuli ilichukuliwa baada ya bomba kuachwa wazi dakika kumi. Ndio utaratibu wa kupima maji ya bomba kuu. Lakini mtaa ule ulipata maji kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi, ndoo zikiwa zimepanga foleni. Nani angethubutu kumwaga dakika kumi? Maji waliyokunywa watu ndiyo yale yaliyomwagwa na maabara.

Kesho yake akairudisha barua bila saini.

"Dada yangu," mkurugenzi akasema, "kesi hii imekufa. Usitutie matatani na wakubwa."

"Kama imekufa, mzee, nionyeshe kaburi."

Mkurugenzi akamkumbusha kwamba masjala wanahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri kama wake. Akajibu kuwa mwandiko watapata, saini hawapati.

Mbele ya baraza la malalamiko alimsimamisha mpimaji wa kampuni. Hakumkaripia. Alimwuliza tu, nyumbani kwake huliacha bomba wazi dakika ngapi kabla ya kujaza sufuria. Mpimaji akamtupia jicho wakili wa kampuni, akasema hata moja. Dobi akaangua kicheko huko nyuma. Mwenyekiti akaamuru sampuli zichukuliwe upya, kuanzia tone la kwanza, pande zote zikiwepo.

Barua ya uhamisho wa kwenda masjala haikuchelewa. Ilimpa siku tano awe ameripoti huko. Sampuli zilipangwa siku ya tatu.

Siku hiyo, kabla jua halijapanda, alisimama kwenye bomba la dobi, chupa zimebandikwa lebo, watu wamemzunguka na ndoo zao. Mpimaji akafika, akasukuma ndoo chini ya bomba kwa mazoea, akashika koki.

"Toa ndoo," Bi Kifungu akamwambia. "Weka chupa."