Kiangazi Tulichokandika Mtaa wa Relini

Harufu ya udongo mbichi hainipi utulivu hadi leo. Wengine wakiisikia huwaza mvua na kulima. Mimi miguu hunicheza, nikatamani kuinua ndoo. Nilikulia Nachingwea, mtaa tuliouita Relini, nyumba za miti na udongo zilizobanana kandokando ya tuta la reli iliyong'olewa zamani. Mama aliuza uji kwenye geti la hospitali, jirani na kwetu, na uji huo ndio ulionisomesha. Wanaosema jogoo la shamba haliwiki mjini hawajanisikia mimi: nina diploma ya ujenzi, nimesimamia maghorofa Dar es Salaam, na nimerudi kusini kwa jasho langu, sikubebwa na mjomba wala mume.

Kiangazi kile, mikorosho ikiwa ndiyo inatoa maua, watu wa ardhi walipita na kopo la rangi nyekundu wakachora X kwenye kuta zetu. Tuhame, walisema, tufuate viwanja vipya njia ya Ruponda. Porini, kusiko na kisima wala mgonjwa wa kumuuzia uji. Mama hakulia. "Ukuta ni wangu," alisema, "na sijawahi kuomba ruhusa ya kukandika." Kwetu kukandika ni kazi ya wanawake wa mtaa mzima, na hufanywa maji yakiwa karibu. Sisi tulikandika jua likichoma, watoto tukipanda na ndoo kutoka bondeni, shingo zikiuma, nami nikiwatangulia hata wavulana. Jioni X zote zilikuwa zimezikwa. Tulilala tukicheka.

Asubuhi jirani yetu Mama Fidea akashika kichwa. "Mama Salma, tumejianika wenyewe! Nyumba mbichi ndizo zenye X, kavu hazina. Hata kipofu atapapasa azijue." Kweli. Katikati yetu zilikuwamo nyumba zenye viwanja halali, ambazo hazikuguswa na ile rangi, nazo ziling'aa kwa ukavu wake. Kidole kimoja hakivunji chawa: ama na hizo zikandikwe, ama tubomolewe. Mama akanishika mkono, tukaenda kwa Mwalimu Chilumba, mstaafu mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, fahari ya mtaa.

"Yaani tofali zangu nizipake matope kama chungu?" akauliza.

"Mwalimu, tukihamishwa, uji wa asubuhi utaufuata Ruponda?"

Alipapasa ukuta wake, akafuta vumbi kwenye tofali moja. "Haya," akasema. "Anzeni upande wa nyuma, mke wangu asione mapema." Alipokubali yeye, nani tena angekataa?

Tingatinga lilipofika, mtaa mzima ulikuwa rangi moja, ukitoa mvuke. Afisa akaenda mbele, akarudi nyuma. "X ziko wapi?"

"Labda zimehama, baba," Mama Fidea akamjibu. "Si mlisema kuhama ni lazima?"

Hata mgambo walicheka. Afisa aliondoka akisema anakwenda kuchukua ramani, na mvua zikafika kabla yake. Waliporudi, walikuja na wapima viwanja, tingatinga wakaliacha huko huko. Wakatupimia pale pale, tukabaki.

Leo nimejenga Ruangwa, ambako watu wa migodi wanagombea vyumba: nyumba ya bloku, bati la rangi, maji ndani, chumba cha mama kina feni. Naijua kila nondo iliyomo. Silali vizuri, kwa kuwa chumba kile ni kitupu, mama bado yuko Relini. Juzi nilituma lori dogo, Kanta, likabebe vyombo vyake, nikakaa barazani nikiitazama barabara hadi dereva aliponipigia.

"Dada Salma, nimefika. Mama kanipa uji."

"Vyombo je? Umeshapakia?"

"Kasema nimalize kwanza."

"Na ukimaliza?"

Nilisikia sauti ya mama nyuma yake, kisha dereva akacheka kwa aibu. "Anasema kuna kikombe kingine jikoni."