Binti Ndiyo, Kibuyu Hapana

Nilitia maji kwenye kibuyu cha mursik cha mama. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu mkifika katikati mtauliza ni nani aliyeharibu, na mimi sipendi kushtukizwa.

Enzi zetu, wenzangu wa Form Four (najua kuna mwalimu anacheka kwamba mtu asiye na ndevu hawezi kuwa na enzi, lakini sisi tulikuwa na zetu wakati hawa wa Form One bado wanafutwa kamasi), maziwa ya mursik hayakutoka kwenye pakiti. Yalitoka kwa ng'ombe mwenye jina na tabia mbaya. Mama aliyachemsha, akayapoza, akayamimina kwenye kibuyu alichokisugua ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa mpaka kikawa mkaa, kisha akakifunga na kukiweka pembeni siku kadhaa bila kukigusa. Siku ya kukifungua, nyumba nzima ilinukia moshi na uchachu. Rangi ya mursik ilikuwa ya kijivu kama mawingu ya kwetu saa nane mchana, mvua ikishaamua. Tulikuwa tunatoka kuteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, matope mpaka masikioni, na harufu hiyo inatuvuta kutoka ng'ambo ya mashamba ya chai kama ng'ombe wa kamba.

Sasa, kwetu kibuyu si chombo tu. Kibuyu ni jina la mama. Mwanamke anaweza kusamehewa ugali ulioungua, lakini akimpa mgeni mursik mbovu, habari itavuka mito mitatu kabla mgeni hajafika kwake, na binti zake watakaa nyumbani mpaka wazoeane na paka.

Na mimi nilijua hayo yote. Lakini kibuyu kilikuwa kimejaa, mama alikuwa shambani akichuma majani ya chai, baba alikuwa Londiani akipasua mbao, nami nilikuwa na kiu ya kishetani. Nilikunywa kikombe. Kikombe kikaniambia kina ndugu. Nilipozinduka nusu ilikuwa imeisha, nikakimbia mtoni na sufuria, nikajaza, nikatikisa vizuri kama fundi, nikafunga. Nikaenda kucheza mpira.

Jioni hiyo hiyo kaka yangu Kipng'etich akaleta bendi.

Kipng'etich alifanya kazi kiwanda cha chai, chumba cha kukaushia, na saa za jioni alikuwa mpiga gitaa la Chai Moto. Hao walipiga roki, si mchezo. Magitaa ya umeme yaliyofungwa kwenye betri ya lori, suruali za belbotomu zilizofagia uwanja wote wa kambi ya wafanyakazi wa chai, na viatu vya raizoni vilivyomfanya Ondieki, mwimbaji wao mfupi kutoka Kisii, ainame akiingia mlango wake mwenyewe. Kogo, nyanya yetu, alipomsikia akiimba mara ya kwanza, aliuliza kijana huyo anaumwa wapi, apelekwe hospitali ya Kaplong haraka.

Mama aliwapokea kama wafalme. Nyumba ilikuwa giza, moshi umejaa, akamimina vikombe vinne. Mwenye nyumba haonji mbele ya wageni, basi hakuonja. Kipng'etich alikunywa, macho yakamtoka, akameza hivyo hivyo. Kijana wa kwetu atamwambiaje mama yake, mbele ya wageni, kwamba kibuyu chake kimeharibika? Ondieki alimeza yote, akajipangusa mdomo, akasema, "Asante sana, mama. Tamu kabisa." Mama akamwongeza kingine.

Niliwasindikiza nikiwa nimebeba gitaa. Tulipofika chini kwenye daraja, Ondieki akakaa juu ya jiwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Bwana, ile ilikuwa nini? Nimekunywa mto!" Papo hapo akaanza kuimba. Kaka akamshika bega. "Ondieki, ukimwimba mama yangu nakuvunja meno. Sema ilikuwa kwa mpenzi wako, kwa mama mkwe."

Alidhani ametuokoa, maskini. Hivyo ndivyo wimbo ulivyotoka: kijana anavuka mto, anapanda kilima, anakwenda kumwona mpenzi, anapewa kikombe, maziwa yanamwangalia kama mvua. Halafu magitaa yote pamoja: *Binti ndiyo, kibuyu hapana! Binti ndiyo, kibuyu hapana!*

Walikwenda Nairobi wakaurekodi, wakarudi na santuri nyeusi zinazong'aa. Kamau, aliyekuwa na duka soko la Merigi na gramafoni ya spika kubwa, aliipiga siku ya soko kuanzia asubuhi. Jamani! Wachuuzi wa kabeji walicheza. Polisi alicheza na kofia mkononi. Sisi watoto tuliimba mpaka sauti zikakauka, nami niliimba kuliko wote, maana hakuna raha kama kuimba kosa lako mwenyewe na watu wasijue. Redio nayo ikaipiga jioni moja, kogo akaipigia makofi bila kujua maneno.

Halafu akina mama wakaanza kusikiliza maneno.

Kijana amevuka mto akapanda kilima. Niambieni, pande zetu ni nyumba gani isiyo ng'ambo ya mto juu ya kilima? Kila mama mwenye binti akaona ni yeye. Akina mama walitazamana kanisani kwa jicho la pembeni. Waliacha kununua sukari kwa Kamau mpaka Kamau akaigeuza santuri upande wa pili, ambao ni gitaa tupu. Tulipomlilia alisema, "Ninyi watoto mnanunua nini hapa? Peremende moja mnagawana sita! Tokeni!" Redio nayo ikanyamaza; walilalamikiwa, ndivyo tulivyosikia. Chai Moto walialikwa arusi tatu, wakakataliwa zote tatu.

Lakini aliyeumia kuliko wote alikuwa Mama Cherono. Kaka yangu alikuwa anamchumbia Cherono, dunia nzima ilijua, na nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, ng'ambo ya mto. Walikuwa wamebakisha koito tu, siku ya wazee kukaa na kupatana mahari. Mama Cherono akatuma neno kwamba koito hakuna. Kaka aliacha kula. Alikuwa anakaa nje na gitaa lisilo na betri, akigusa nyuzi zisizolia. Nilimwambia aseme ukweli. Akanitazama. "Niseme nini? Niende kwa watu niwaambie ni mama yangu?" Hakujua habari ya sufuria yangu. Alidhani mama amezeeka mkono.

Na mama je? Mama ndiye aliyekuwa kiongozi wa vita! Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwakusanya wanawake, akamlazimisha chifu aitishe baraza.

Siku ya baraza uwanja ulijaa. Chifu akamsimamisha Ondieki. "Kijana, kibuyu ni cha nani?"

"Chifu, hiyo ni wimbo tu."

"Wimbo tu?" Mama Cherono akaruka. "Shangazi wa Cherono ameniuliza kama nimesahau kusugua kibuyu! Mimi! Kipng'etich, umekunywa kwangu. Sema mbele ya watu. Ni changu?"

"Hapana, mama. Si chako."

"Ni cha nani basi?"

Kaka akatazama raizoni zake. Mama Cherono akavuta leso usoni. "Basi ni changu. Koito mmesikia. Nimemaliza." Nikamwona Kipng'etich akifunga macho kama mtu anayechomwa sindano.

Hapo mama yangu akainuka, kidole juu, sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima kingine. "Mwanangu anaficha mtu! Mwanamke gani huyo anayewapa wageni maji ya mto na kuyaita mursik? Asimame! Asimame hapa sasa hivi tumwone!"

Wanawake wakapiga makofi. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukapiga kelele: "Amesimama tayari!"

Nikasema yote haraka haraka: kiu, vikombe, sufuria, mto.

Kicheko kilichotoka hapo nilikisikia kwenye mifupa, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Chifu alijifunika kwa kofia. Mama Cherono alicheka akilia, akampiga jirani yake mgongoni: "Na mimi nimesugua kibuyu changu mpaka kinataka kutoboka!" Kabla ya jioni Kamau aliigeuza santuri, na akina mama wale wale wakaicheza sokoni na vikapu vichwani. Koito ilifanyika. Cherono sasa ni shemeji yangu na ananificha maziwa.

Redio haikuipiga tena. Chai Moto hawakupata santuri ya pili. Ondieki alirudi Kisii na viatu vyake, na kaka siku hizi gitaa lake linatundikiwa koti. Ninawatazama hawa wa Form One wakitikisa nywele kwa nyimbo za Kiingereza, hawajui neno moja, hazimuudhi mtu yeyote wanayemfahamu. Raha iko wapi? Sisi wimbo wetu ulikuwa na watu ndani, ukiuimba unatazama nyuma kama fimbo inakuja. Siku nyingine nikipita Merigi sokoni nasimama karibu na duka la Kamau, nasikiliza, na sisikii ila mizani.

Siku ile tulitembea kutoka barazani mimi na mama peke yetu. Alitangulia mbele mpaka langoni. Hapo akasimama, nami nikakaza miguu tayari kwa fimbo. Alinitazama, mdomo ukimtetemeka upande mmoja.

"Ukweli ni mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini ungengoja kwanza niketi."