Jasusi Mwenye Sura Mpya

Mama alikuwa akisema mdomo wangu utanitafutia makao. Hakusema makao gani, ila kwa sauti aliyoitumia nilijua si mahali pazuri. Kumbe makao yenyewe yalikuwa banda la video la mjomba wangu pale Matuu, miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nikiyatamani kupita kiasi.

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na Jumapili baada ya kanisa lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Filamu zilikuwa za Kizungu, na Kizungu cha kwenye filamu hakuna aliyekielewa, hata wale waliojifanya. Kwa hiyo kando ya televisheni palikuwa na kigoda na maikrofoni, na mtu mmoja akiwaeleza wengine mambo yanavyokwenda, kwa Kiswahili na Kikamba, akiongeza chumvi kila filamu ilipopooza. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa kaka yangu.

Filamu zilizopendwa kushinda zote zilikuwa za jasusi mmoja. Zilianza kutengenezwa kabla sijazaliwa, lakini sisi tulikuwa tumeona tatu nne tu, na katika zote jasusi alikuwa mtu yule yule. Kaka alishamfanya Mkamba kabisa. Alimpa ng'ombe kule Mwala, na kila jasusi alipokaribia kuuawa, kaka alimfanya alalamike kwamba hakuna mtu wa kuwanywesha maji. Mkubwa wake, yule mzee wa ofisini aliyempa amri, tulimwita Chifu. Watu wa Matuu walimpenda jasusi yule kuliko mbunge wao.

Kisha kaka akapata kazi kiwandani Athi River, kigoda kikabaki wazi. Nilimwendea mjomba nikamwambia nakitaka.

"Jasusi na sauti ya msichana?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini Jumapili ilifika, hakuna mtu mwingine, na kanda mpya ya jasusi ilikuwa imeshuka asubuhi ile kutoka Thika. "Haya. Leo tu," akasema. "Watu wakitoka, wiki ijayo naleta jamaa wa Thika, na wewe unarudi kwa shangazi yako."

Kwa shangazi nilikuwa nikishona vifungo vya sare za shule. Nilikuwa nimeshona vifungo miaka miwili na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye ila cherehani. Kile kigoda nilikitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mchumba yeyote.

Kanda ikaanza. Mtu aliyevaa suti akaruka kutoka juu ya ghorofa, akapiga watu watano, akanyoosha tai. Nilimpokea kwa mbwembwe zote, nikataja ng'ombe wake, nikataja Mwala, banda likapiga makofi. Halafu akageuka tukamwona uso.

Hakuwa yeye. Pua ilikuwa nyingine, nywele nyingine, tena alikuwa kijana.

"Huyu ni nani?" mtu akauliza.

"Wetu ako wapi?"

Sikujua. Hakuna aliyeniambia kwamba waigizaji hubadilishwa. Kwenye filamu jasusi akaingia ofisini, na Chifu, mzee yule yule tuliyemzoea, akamsalimu kwa jina bila kushtuka hata kidogo, na karani wake akamchekea. Banda likalipuka.

"Chifu amehongwa!"

"Hata karani amehongwa! Muone anavyocheka!"

Mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya kichwa. "Jamani, tulieni," nikasema. "Huyu ni mwizi. Amemfungia wetu mahali, akavaa suti yake. Mwenyewe yuko njiani, anakuja."

Walifurahi ajabu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikaoga. Kuanzia hapo jasusi akipigwa, tulishangilia. Akimbusu mwanamke, mzee wa kanisa alisimama akapiga kelele, "Mama, kimbia! Si yeye!" Na yule mhalifu mwenye kovu shavuni, aliyetaka kulipua nusu ya dunia, akawa shujaa wetu. Nilimhamishia ng'ombe wote.

Shida ni kwamba mwenyewe hakuja. Filamu ilifika katikati, ikapita katikati, na mimi nikawa naahidi kila mlango unapofunguliwa. "Sasa ndiyo anaingia," nasema, na anaingia mhudumu wa hoteli.

"Anakuja na nini, punda?" mtu akauliza, na watu wakacheka kicheko kisicho kizuri.

Fundi baiskeli akainuka akatoka. Wengine wawili wakamfuata. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akiwatazama wanaopita na kisha kunitazama mimi. Niliogopa kweli. Nilihisi vifungo vyote vya Matuu vikinisubiri.

Hapo ndipo susu akasimama. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu aliuza njugu nje ya banda na aliingia bure kwa sababu hakuna aliyethubutu kumzuia. Mgongoni alikuwa na mjukuu wa miezi michache aliyepewa jina la marehemu mumewe, kama ilivyo desturi yetu. Na kama ilivyo desturi yetu, alimwita "mume wangu". Alimsemesha hivyo sokoni mchana kutwa, tena alimgombeza kwa makosa ambayo marehemu aliyafanya kabla ya uhuru.

"Nyamazeni!" akasema. "Wewe msichana, huyo Chifu amemwitaje?"

"Jina lile lile, susu."

"Lile lile la yule mwingine?"

"Lile lile."

"Basi ni mjukuu." Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akamwinua juu mwanga wa televisheni ukampiga usoni. "Huyu ni mzee wangu. Meno hana, nywele hana, na asubuhi amenikojolea. Lakini jina ni lake, na mimi ni mke wake. Kuna mtu hapa anataka kuniambia si yeye?"

Hakuna aliyetaka.

"Chifu si mjinga," akaendelea. "Huyo kijana amepewa jina la babu yake, amepewa na kazi ya babu yake. Na nyinyi mnamtukana mtoto wa watu akiwa kazini!"

Mzee wa kanisa akaanza kucheka, na kicheko kikapita benchi kwa benchi hadi mabati yakalia. Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili. "Susu amesema kweli! Hapo ndipo nilipokuwa nawapeleka!" Ulikuwa uongo mtupu na kila mtu alijua, lakini hakuna aliyejali.

Yaliyofuata sikuyapanga. Kijana aliporuka kutoka darajani nilimfanya aite, "Babu, nishike!" Aliposhinda kamari, nilisema bahati hiyo ni ya ukoo. Wanaume waliomzomea sasa walimwambia pole kila alipopigwa ngumi. Mtu alitoka kumwita fundi baiskeli, akarudi naye pamoja na watu wengine ambao hata hawakuwapo mwanzo.

Filamu ikaisha. Siku zote watu walikuwa wanatoka majina yakianza kupanda kwenye kioo, lakini siku hiyo hakuna aliyeinuka.

"Rudisha mwanzo," mzee wa kanisa akasema. "Tulimtukana kijana kabla ya kumjua. Sasa tumuone vizuri."

"Rudisha!" banda zima likasema.

Mjomba hakuwa amewahi kuonyesha kanda moja mara mbili kwa siku. Alikuja akipenya katikati ya magoti ya watu, na nilidhani anakuja kuninyang'anya maikrofoni.

"Sauti bado iko?" akaniuliza.

"Iko."

"Basi kunywa maji." Akainama mwenyewe, akabonyeza kitufe cha kurudisha kanda nyuma. "Na Jumapili ijayo uje mapema," akasema bila kunitazama, "uone kanda kwanza kabla ya watu."

Nilikunywa maji, mengine yakamwagikia gauni. Kisha nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa bado imewashwa, banda zima lilinisikia.